Begi la madesa ambalo halikufunguliwa: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa udaktari aliyerudi chuo baada ya likizo

Kabla ya kuanza

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, na amekisoma chote kabla yenu. Jina, chuo, mwaka, vyote nimevitoa, na siku mbili tatu nimezisogeza ili asitambulike. Nitamwita Z. Mimi nilikuwa mshauri wake wa masomo, kwa hiyo sehemu ya makosa mtakayoyasoma huku chini ni ya kwangu na nimeyaacha kama yalivyo.

Nakiandika kwa sababu kila likizo ikiisha huwa anakuja mmoja au wawili wa hivi, mtu ametoka nyumbani, kakaa siku chache hosteli, alafu anakwambia kichwa kimefutika chote. Kwa miaka nilikuwa nawajibu "kaza, piga msuli, utazoea". Baada ya Z nimeacha kabisa kuwajibu hivo.

Alikotoka

Z alimaliza mwaka wa kwanza na sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, ya anatomia, somo la maumbile ya mwili. Masomo mengine yote alipita, fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, alipita vizuri tu, hiyo naomba muikumbuke maana itarudi. Anatomia ilimwangusha kwenye karatasi ya mkono na kifua, na hasa kwenye ule mtandao wa neva (mishipa ya fahamu) za mkono, brakiali pleksasi, ambao kila aliyepita udaktari anaujua: mizizi mitano inayotoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia C5 ya shingoni mpaka T1 ya kifuani, inaungana kuwa vigogo vitatu, kila kigogo kinagawanyika mara mbili, vile vipande sita vinajipanga upya kuwa kamba tatu, na kwenye hizo kamba ndo zinatoka neva tano kubwa za mkono. Ukiuelewa mpangilio wake unakaa nao, ukiukariri tu kama wimbo siku chache ukae mbali na daftari hauupati tena.

Likizo ilikuwa wiki sita na sapu ilipangwa wiki ya tatu ya muhula mpya. Yaani kwa hesabu alikuwa na wiki tisa za kujiandaa kwa somo moja, na kwa mtu aliyeko nje ya hali yenyewe hizo ni nyingi mno, na mimi siku anaondoka nilimwambia hivo hivo, "una wiki tisa, hii ni ndogo kwako". Akacheka akaondoka na begi zima la madesa, yaani notsi za masomo. Nadhani hata yeye aliamini.

Nyumbani hakumwambia mtu kuhusu sapu. Ni wa kwanza kwenye ukoo wao kuingia udaktari, aliposhuka tu kwenye basi mama yake alimuuliza mitihani ilikuwaje na akajibu ilienda vizuri, na neno likishatoka namna hiyo siku ya kwanza basi siku ya pili ni gumu zaidi kulirudisha.

Likizo yenyewe

Alipokelewa kama dokta. Sio utani, walimwita dokta asubuhi mpaka jioni. Shangazi alikuwa na kikohozi akataka atajiwe antibayotiki ya kununua. Mjomba alileta bahasha ya majibu ya vipimo vya miaka mitatu. Jirani akaleta mtoto mwenye homa. Z kwa hili alisimama vizuri sana, kila mmoja alimwambia mimi bado nasoma, nendeni kituo cha afya mkapimwe, na kwa mtoto alisisitiza aende siku hiyo hiyo. Hakuandika dawa hata moja. Ila kila alipolala usiku alikuwa anajisemea, hawa wananiita dokta na mimi nimefeli anatomia. Begi la madesa lilikuwa chini ya kitanda, na kila alipoliona alijisikia vibaya, na kila alipojisikia vibaya aliondoka chumbani. Wiki sita zilipita hivo. Hakulifungua hata mara moja.

Sasa kilichokuwa kinatokea pembeni ni hiki. Wiki ya pili aligundua baba yake anaamka usiku mara tatu nne kwenda haja ndogo. Anakunywa maji mengi. Amekonda. Na ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu ambacho hakiponi, na alipomuuliza kama kinauma baba akasema hakiumi kabisa, ndo maana hajakishughulikia.

Z alijua. Fiziolojia ya figo alikuwa ameipata vizuri: sukari ikizidi kwenye damu mpaka figo zikashindwa kuirudisha yote, inatoka na mkojo na inavuta maji, mtu anakojoa sana, na kiu inakuja kwa sababu hiyo. Kidonda kisichouma kwa mtu wa aina hiyo ni cha kutisha kuliko kinachouma. Alijua yote haya na alikaa kimya wiki tatu.

Nilimuuliza baadaye kwa nini, na jibu lake nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Mwalimu, mtu aliyefeli anatomia anaanzaje kumwambia baba yake ana sukari?"

Wiki ya tano alishindwa kuvumilia akamwambia mama. Mama hakuuliza kitu, kesho yake walikwenda kupima. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 14 na pointi, wakati kipimo cha namna hiyo kikifika 7.0 milimoli kwa lita tayari mtu anahesabiwa ana kisukari, na walirudia siku nyingine ikawa vile vile. Baba akaanzishiwa metformini, dawa ya kushusha sukari, kidonda kikasafishwa, akapewa tarehe ya kurudi kliniki. Siku tano baadaye Z alipanda basi la kurudi chuo na begi lake, na baba yake ndo alimbebea mpaka stendi, na ule mguu.

Siku nane za kwanza chuoni

Hapa naenda haraka kwa sababu siku zote zilifanana. Alifungua desa la kwanza ukurasa wa kwanza, na kalamu ya rangi, akiwa na lengo la kusoma yote mwanzo mpaka mwisho kabla ya sapu. Alikuwa anakesha mpaka saa tisa usiku, kahawa jioni na usiku, asubuhi anasinzia kwenye lekcha za mwaka wa pili ambazo nazo zilikuwa zimeanza na hazimsubiri mtu. Kurasa zilikuwa zinapakwa rangi na alikuwa anajiona anaelewa, akisoma anasema aah hii naikumbuka. Simu aliiweka mezani uso juu ili akipigiwa na nyumbani aione, na hakupiga yeye kwa sababu aliogopa kuulizwa masomo yanaendaje.

Siku ya nane alikaa na kikundi cha diskasheni, watu watano, wakampa chokaa achore pleksasi ubaoni. Alichora mizizi akachora vigogo, akakwama. Alisimama pale kama dakika nzima. Mmoja akasema kwa nia nzuri tu, "si umetoka likizo wiki sita, ulikuwa unafanya nini?" Z akaweka chokaa chini akatoka.

Usiku ule saa nane nilipata meseji. Alikuwa anaomba samahani kwa usumbufu, amefikiria sana, anaona udaktari sio wake, na anaomba nimwelekeze barua ya kuacha masomo inapelekwa ofisi gani.

Tulichoamua, na kwa nini

Niliiona asubuhi saa kumi na mbili na nilimjibu sentensi mbili, kwamba barua nitamwelekeza, ila kabla ya hapo aje ofisini saa nne. Sikumbishia kuhusu kuacha. Nimejifunza kwamba ukimbishia mtu aliyechoka unampa kazi ya kutetea uamuzi ambao hata yeye hajaumaliza.

Alipokuja sikuuliza kuhusu anatomia. Nilimuuliza nyumbani kukoje. Alilia kwa muda mrefu, alafu ndo nikasikia kwa mara ya kwanza habari ya baba, kidonda, wiki tatu za ukimya, na kwamba nyumbani hawajui kuna sapu. Kumbe siku nane zote nilipokuwa namwona korido na kumsalimia alikuwa amebeba hayo.

Nikamuuliza pia, moja kwa moja, kama amewahi kufikiria kujidhuru au kutamani asiwepo. Najua walimu wengi tunaogopa swali hili, tunadhani tutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Haliko hivo, kuuliza kwa utulivu hakumtii mtu wazo, na kwa mwenye nalo mara nyingi ndo nafasi ya kwanza ya kulisema. Z alisema hapana, amechoka tu, anatamani kulala siku tatu. Nilimwamini, lakini nilimpa namba ya mshauri nasaha wa chuo na tukakubaliana atakwenda. Hapa nilikosea, nitaeleza huko chini.

Alafu tukafanya kitu kimoja ambacho nakiona ndo kiini cha kisa chote. Nilimpa karatasi nyeupe na kalamu nikamwambia una dakika 25, weka kila kitu unachokijua kuhusu mkono, mifupa, misuli, neva, mishipa ya damu, usijali mpangilio. Mimi pembeni nilikuwa na orodha ya vitu 60 ambavyo kwa mtihani ule vingemtosha. Kabla hajaanza nilimuuliza anadhani atapata vingapi, akasema kumi.

Alipata 34.

Mizizi yote, vigogo vyote, neva nne kati ya tano za mwisho (aksilari, ya begani, aliisahau), misuli ya bega karibu yote, ateri kuu mpaka kwenye kiwiko. Kilichokosekana kilikuwa kimekaa sehemu mbili tu: pale katikati ya pleksasi vipande sita vinapogeuka kuwa kamba tatu, na misuli ya nyuma ya kigasha. Basi. Aliiangalia ile karatasi kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Alikuwa na siku 12 na mashimo mawili, na kwa siku nane zilizopita alikuwa anapaka rangi kurasa za mifupa ya bega ambazo alikuwa anazijua tayari.

Baada ya hapo mimi nikaharibu. Kwa furaha ya ile karatasi nilimpangia ratiba ya saa tisa kwa siku, nimeigawa kwa rangi, kila nusu saa ina jina. Siku ya kwanza aliifuata, siku ya pili alivuka mistari miwili akaanza kujilaumu, jioni akaniandikia kwamba hata ratiba kaishindwa. Mtu aliyekuwa anahesabu kushindwa kwake nilimwongezea kitu kipya cha kushindwa. Tuliichana. Ya pili ilikuwa na vikao vitatu kwa siku vya dakika 50 na sheria moja: kikao kinaanza na karatasi nyeupe, unachora unachokumbuka, ndo unafungua desa kwa ajili ya mashimo tu, unafunga, unachora tena. Shimo la leo linarudi kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu tena siku chache kabla ya mtihani. Kalamu za rangi alizileta mwenyewe ofisini akaziacha kwenye droo yangu.

Usingizi tuliuwekea mpaka, saa tano usiku anafunga, saa kumi na mbili asubuhi anaamka na anatoka nje kwenye mwanga, kahawa mwisho saa nane mchana. Alikataa mwanzoni, akasema anaibiwa saa nne za kusoma. Nikamwonyesha daftari lake la kati ya saa saba na saa tisa usiku, hata yeye hakuweza kuusoma mwandiko wake.

Na nyumbani. Hili tulilijadili kuliko yote. Alitaka ama apige kila saa ama asipige kabisa. Tulikubaliana simu moja kwa siku, saa moja jioni, na mdogo wake wa kiume ndo atakuwa anamtumia namba ya sukari ya asubuhi na picha ya kidonda mara moja kwa wiki, ili aache kuishi na kidonda cha kwenye mawazo ambacho kila siku kilikuwa kinakua. Alafu nilimwomba amwambie mama kuhusu sapu. Sikumlazimisha. Alichukua siku mbili. Mama yake alimjibu, "mwanangu, na mimi nilijua kuna kitu, ulikuwa hulali", na mazungumzo yakahamia kwa baba.

Swali la mwisho lilikuwa kuahirisha mtihani. Sababu alikuwa nazo, ugonjwa wa mzazi na barua ya kliniki ipo. Tulikaa nalo jioni nzima. Kuahirisha kungemaanisha sapu ihamie mwisho wa mwaka ikiwa juu ya mitihani ya mwaka wa pili, na akifeli huko hatari ya kudisko, yaani kuondolewa chuo, ni kubwa zaidi. Kwa 34 mkononi na siku 12 niliona afanye, naye akaona hivo. Ila nasema wazi, ile ilikuwa kamari, na kama karatasi nyeupe ingetoa 15 ningemwambia aahirishe bila kusita.

Swali la mguu

Siku ya saba ya mpango alikuja bila miadi, amesimama mlangoni na picha ya kidonda kwenye simu. Akauliza, "Mwalimu, kwa nini sukari inaanza kuua neva za miguu na sio za mikono?"

Nikamwambia chora neva zote mbili, inayokwenda kidole cha mguu na inayokwenda kidole cha mkono, alafu niambie. Alichora, akanyamaza kidogo, akasema ya mguu ni ndefu. Ndo hivo. Kisukari kinaanza na neva ndefu zaidi, kwenye ncha zake, ganzi inaanzia vidoleni inapanda kama soksi, na mara nyingi ikishakaribia magoti ndo vidole vya mikono navyo vinaanza, kama glavu. Baba yake hakuwa mzembe wala mvumilivu sana, hakuwa anakisikia kile kidonda. Z alikaa pale akamweleza mdogo wake kwa simu namna ya kumkagua baba nyayo kila jioni, katikati ya vidole na kisigino, na asitembee peku hata ndani, na maji ya kuogea yapimwe na mkono wa mtu mwingine na sio mguu wa baba.

Kuanzia siku ile alikuwa anachora pleksasi tofauti. Hakuanza tena na mizizi, alianza na mtu. Mtu kavunjika humerasi, mfupa wa kati ya bega na kiwiko, katikati, kiganja kinaning'inia hakiwezi kunyanyuka, neva gani? Radiali, inazunguka nyuma ya ule mfupa. Bega limeteguka na ngozi ya upande wa nje wa bega ina ganzi? Aksilari, ile ile aliyokuwa anaisahau. Vidole viwili vya mwisho vimekunjika? Alna. Alikuwa anatoka kwa mgonjwa anarudi nyuma mpaka kwenye kamba, kutoka kwenye kamba mpaka kwenye mzizi, na lile shimo la katikati likajaa lenyewe kwa sababu sasa lilikuwa njia ya kupita kila mara.

Matokeo

Sapu alipita. Alama hazikuwa za kujivunia, 58, na kwa sapu chuo kinaandika alama ya kupita tu haijalishi umepata ngapi. Aliacha barua ya kuacha masomo bila kuiandika.

Ila wiki hiyo hiyo kulikuwa na testi ya baiokemia ya mwaka wa pili na alipata 41. Tulijua inakuja, tuliiona kwenye kalenda, tukaipita. Ilimchukua muhula mzima kuifidia.

Kwa mshauri nasaha hakwenda. Baba sukari ilishuka taratibu, asubuhi ikawa inasoma kati ya 7 na 9, kidonda kilichukua karibu miezi mitatu kufunga.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwanza ile karatasi nyeupe, na nataka nieleze kwa nini kwa sababu sio ujanja wa kwangu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe miaka mingi iliyopita, kitabu chake kikatoka 1885. Alikuwa anakariri silabi zisizo na maana, anaziacha, alafu anahesabu akizijifunza upya anaokoa muda kiasi gani. Tunachopenda kukitaja ni jinsi kusahau kunavyoporomoka, ndani ya siku moja tu kile alichookoa kilikuwa kimebaki kama theluthi. Tunachosahau kukitaja ni kwamba baada ya hapo mteremko unapungua sana, siku ya 31 bado alikuwa anaokoa kama asilimia 21, na hizo ni silabi tupu. Z alikuwa na mkono halisi alioupasua maabara kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa hiyo kusema kimefutika chote haikuwa kweli, kilikuwepo ila mlango umekwama, na kujifunza mara ya pili huwa ni haraka kuliko mara ya kwanza. Bila kupima hakuna namna angejua hilo, maana hisia ya kusahau na kusahau kwenyewe ni vitu viwili.

Pili, kuacha kusoma upya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu, walitoa utafiti, wanafunzi wanasoma kipande cha maandishi, wengine wanakirudia kukisoma, wengine wanafunga na kujaribu kukikumbuka. Ukiwapima baada ya dakika tano waliorudia kusoma wanaonekana bora. Ukiwapima baada ya siku mbili au wiki, waliojipima ndo wanabaki na vingi zaidi. Ukiiweka kwenye kisa chetu unaona kwa nini zile siku nane zilimdanganya Z: kila usiku alikuwa kwenye zile dakika tano, anaona anaelewa, na ubaoni alikuwa kwenye ile wiki. Sio uvivu ule. Alikuwa anafanya kazi kwa bidii sana kwenye njia inayotoa hisia nzuri na matunda kidogo.

Tatu, kuanza na nyumbani. Kuna wakufunzi wenzangu wanaona hii ni kupoteza muda, mwanafunzi kaja na tatizo la anatomia wewe unamuuliza habari za baba. Lakini lile tatizo lilikuwa moja. Alinyamaza kuhusu baba kwa sababu ya sapu, alishindwa kugusa madesa kwa sababu ya aibu, na aliporudi alishindwa kusoma kwa sababu ya baba. Ukikata kamba sehemu moja zote zinalegea, na mahali rahisi kukata palikuwa pale kwenye simu ya mama.

Na kitu ambacho mwenyewe hajipi sifa: uamuzi wake wa nyumbani ulikuwa sahihi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatakiwi kumtibu baba yake. Anatakiwa aone kitu hakiko sawa na aseme aende apimwe, na ndicho alichofanya. Wiki tatu alizichelewa, ndiyo, ila mguu uliokolewa na sentensi moja ya mtu aliyejiona hajui kitu.

Uchambuzi: kilichofeli, na cha kwangu

Ile "una wiki tisa, ni ndogo kwako" niliyomwambia siku anaondoka. Nilimfungia mlango pale pale, maana akishindwa kitu kidogo atamwambia nani? Ningemuuliza utasoma lini, wapi, na nyumbani nani anajua. Maswali matatu, dakika tano.

Ratiba ya saa tisa nimeshaisema.

Testi ya baiokemia ni kosa la wote wawili lakini mimi ndo mwenye uzoefu. Tulichukua mwanafunzi aliyezama kwenye shimo moja tukamsaidia kuingia kwenye lingine kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye la kwanza. Vikao viwili vya dakika 50 kwa wiki vingetosha kumfikisha kwenye alama ya kupita, na nafasi ilikuwepo.

La mshauri nasaha linaniuma zaidi. Nilimpa namba nikaona nimemaliza. Mtu ambaye juzi alikuwa hawezi hata kumpigia mama yake, nilitegemea apige simu kwa mtu asiyemjua akaeleze yote upya. Siku hizi natembea nao mpaka mlangoni, au napiga mimi wakiwa wamekaa hapo mbele yangu, tunachukua miadi pamoja. Z alivuka salama, ila alivuka kwa sababu mama yake alikuwa mama wa aina ile, na mimi sikuwa na uhakika huo wakati namwacha aende na karatasi yenye namba.

Na kikundi cha diskasheni. Hawakuwa na ubaya, lakini kumsimamisha mtu ubaoni bila kujua alipo ni jambo ambalo tungewafundisha tangu wiki ya kwanza kulifanya vizuri zaidi, kila mmoja anachora kwenye karatasi yake kwanza, ndo mnalinganisha. Wanafanya hivo sasa. Yule aliyeuliza ulikuwa unafanya nini ndo aliyependekeza.

Likizo iliyofuata

Hakubeba begi. Alibeba karatasi nyeupe kama 30 na desa moja, mpango ukiwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, kuchora kitu kimoja bila kuangalia. Alifanya kama nusu yake, na aliporudi karatasi ya kwanza tuliyopima ilitoa vitu 47 kati ya 60 kwenye mada ambayo alikuwa hajaigusa miezi miwili. Baadhi ya ile michoro iliachwa nyumbani, mdogo wake ameibandika ukutani karibu na daftari la namba za sukari. Na baba yake, ambaye mpaka leo jina la lile somo halimkai, kila akimpigia simu baada ya kutaja namba ya asubuhi anamuuliza, "na ule mtihani wako wa mkono, hawajakurudishia tena?"